Msanii Halali



Naandika hii nikiwa geto, Kihesa, blanketi mabegani na chai ya tangawizi pembeni. Anayesema Tanzania ni nchi ya joto aje Iringa mwezi wa sita usiku halafu tuongee vizuri. Leo nilikuwa niandike habari za mitihani na vita ya viti vya maktaba, lakini kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumanne. Nisipolitema sitalala. Na kulala kwenyewe ndiyo mada ya leo.

Jumanne tulikuwa na kikao cha kamati ya burudani. Kama kawaida, mwaka ukiisha tunafanya shoo ya kuwaaga wanaomaliza, tunaita bendi kutoka Dar, watu wanacheza mpaka vumbi la Iringa linaingia puani. Mimi ni mjumbe, kazi yangu kupokea wageni. Bajeti ikapitishwa mezani. Nikasoma mstari kwa mstari. Jukwaa lipo. Jenereta la akiba lipo. Fulana za wanakamati zipo. Malazi ya wasanii... hayapo.

Nikanyoosha mkono. Mheshimiwa mwenyekiti, hawa watu watalala wapi?

Jamaa mmoja, mtani kweli kweli, akajibu kabla ya mwenyekiti: "Kwani hujui? Msanii halali!" Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Maana dakika chache kabla tulikuwa tunajadili kama bendi ina usajili, kama ni wasanii halali. Ndiyo hivyo, Kiswahili kitamu. Msanii halali, msanii asiyelala. Hata mimi nilicheka, nakiri. Halafu kicheko kikanigandia mdomoni, kwa sababu utani huo huo niliusikia mwaka jana, kwenye chumba kile kile, na mwaka jana niliona ulivyoishia.

Ngoja niwasimulie, halafu mnihukumu.

Mwaka jana tuliita bendi, watu 14 pamoja na dereva, ndani ya Coaster moja na vyombo vyao. Waliamka Dar saa tisa usiku ili wafike mapema. Kutoka Dar mpaka hapa ni kama kilometa 500, na siyo kilometa za kuteleza. Kuna Morogoro, kuna hifadhi ya Mikumi ambako barabara inakatiza katikati ya wanyama kwa kilometa kama 50, halafu kuna Kitonga yenyewe, ambako ukikaa nyuma ya lori lililobeba mzigo unaweza kumaliza karanga za mia tano zote hujafika juu. Walifika mchana. Nikawapokea.

"Shikamoo mzee," nikamwambia dereva.

"Marahaba mwanangu. Pa kujinyoosha mgongo pako wapi?"

Nikamwambia atajinyoosha baadaye, kwanza tushushe vyombo. Yule mzee akashusha spika na vijana. Hakuwa na kibarua, dereva wa bendi ndiyo kibarua mwenyewe. Baada ya hapo akakaa kwenye usukani na redio, kwa sababu vyombo vingine vilibaki ndani na gari likiachwa peke yake litaamkia bila betri.

Shoo ilitangazwa saa mbili usiku. Bendi ikapanda jukwaani saa nne na nusu, ikashuka saa saba na nusu. Kufungua nyaya, kupakia, kufunga turubai... saa nane na nusu hiyo. Baridi ya kung'oa meno. Dada mmoja mwimbaji, bado ana rangi za jukwaani usoni, kajifunga khanga kichwani, akanifuata kwa adabu kabisa. "Mdogo wangu, hakuna hata darasa tukajibanza mpaka kuche?"

Nikaenda kuuliza. Nikaambiwa madarasa hayafunguliwi usiku. Nikampigia mwenyekiti, nikaambiwa mkataba hauna malazi na bendi ilikubali. Nikarudi nikamwambia yule dada: hakuna. Nilisema kwa sauti ya mtu wa ofisini, kama vile nina ofisi. Nikamletea dereva kahawa na vipande viwili vya kashata. Hiyo ndiyo ilikuwa takrima ya chuo kizima kwa mtu aliyekuwa macho saa ishirini na tatu na nusu. Akawasha gari, wakashuka kuelekea Ipogolo, taa nyekundu zikapotea. Mimi huyooo, geto, blanketini.

Asubuhi simu ikalia. Gari lilitoka barabarani wakiwa wameshamaliza Kitonga, kabla ya Ruaha Mbuyuni. Dereva alisinzia. Yule dada mwimbaji kavunjika mkono. Kinanda kimepasuka. Wengine michubuko.

Nikaingia kwenye grupu la kamati kutoa taarifa. Jibu la kwanza nililopata, nanukuu neno kwa neno: "Kuna aliyekufa?" Nikaandika hapana. Wakatuma viganja vya kuomba na pole nyingi, halafu mjadala ukahamia kwenye picha za shoo.

Hakufa mtu. Basi yameisha.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapotaka kugombana na watu. Nasema hivi: ule mkono hakuuvunja shetani wa Kitonga. Tuliuvunja sisi, kwa kalamu ya bluu, siku tuliyofuta mstari wa malazi. Vyumba 7 vya gesti, watu wawili wawili, kwa bei ya hapa mjini ya elfu 20, ni shilingi 140,000. Fulana zetu 15 za kamati, kila moja elfu 18, zilikuwa 270,000. Pigeni hesabu wenyewe. Tulivaa usingizi wa wale watu kifuani, ukiwa na nembo mgongoni.

Najua mtasema nakuza mambo. Haya, tutoke kwenye kikamati chetu, tuangalie barabara yenyewe.

Machi 2011, kundi la Five Stars Modern Taarab lilikuwa linarudi Dar kutoka kwenye maonyesho mkoani Mbeya. Kama unaijua barabara ya Mbeya unajua kwamba walipita hapa chini yetu, pale Ipogolo, hakuna njia nyingine ya maana. Usiku, eneo la Mikumi, gari lao likapata ajali. Watu 13 wakafa, akiwemo mwimbaji Issa Kijoti. Kumi na watatu, jamani. Bendi ya taarab siyo kijana mmoja na flashi yenye biti. Ni mpiga kinanda, wapiga magitaa, waimbaji, fundi mitambo, na kila mmoja ana watoto wanaosubiri nyumbani. Usiku mmoja kundi zima likageuka orodha ya majeneza.

Nchi ililia. Nani alibadilisha mkataba?

Rudi nyuma. Machi 2003, Kenya, E-Sir, yule kijana aliyekuwa anachana Kiswahili kama amezaliwa nacho mdomoni, alikuwa anarudi Nairobi kutoka kwenye shoo Nakuru. Barabarani akafa. Miaka 21. Wengi wetu hapa chuoni tumeshampita kwa umri.

Rudi nyuma zaidi. Januari 1979, Mombasa, Mbaraka Mwinshehe, gitaa la Morogoro, mtu aliyekwenda na Morogoro Jazz mpaka maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970. Alikuwa ugenini Kenya kikazi. Ajali ya gari. Wazee wetu mpaka leo wakisikia gitaa lake wananyamaza kwanza.

Sisemi ajali hizi zote zina sababu moja, na sitamnyooshea kidole marehemu. Ninachosema ni kwamba mwanamuziki wa Afrika Mashariki ofisi yake ni barabara. Mwalimu anaingia darasani, daktari anaingia wodini, mwanamuziki anaingia kwenye gari. Jukwaani anakaa saa tatu, garini anakaa saa ishirini. Halafu sisi tunaolipa kiingilio tunazijali zile saa tatu tu.

Na ninajua majibu yenu, nimeyasikia yote Jumanne. Tuyachukue moja moja.

La kwanza: "Wenyewe walikubali." Ndiyo, walikubali. Na wewe ukiambiwa ukapange foleni alfajiri kusaini bumu utakubali, siyo kwa sababu unapenda, ni kwa sababu huna la kufanya. Zamani bendi nyingi kubwa zilikuwa mali ya mashirika na vyombo vya umma. Nuta Jazz ilianza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, Polisi walikuwa na bendi yao. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, mwisho wa mwezi kuna mshahara hata kama ukumbi ulikuwa mtupu. Siku hizi bendi nyingi zinaishi kwa mlangoni. Kila chumba cha gesti wanachojilipia kinatoka kwenye ugali wa nyumbani. Ukimpa mtu achague kati ya kulala na kula, usije kuniambia alichagua kwa hiari.

La pili: "Wana shoo nyingine kesho." Sawa, na shoo ya kesho waliichukua kwa nini? Kwa sababu ya leo imelipa kidogo. Tunawalipa nusu, wanakimbilia nusu nyingine usiku, halafu tunawashangaa wanavyokimbia.

La tatu, hili ndilo linanichefua: "Ajali ni mipango ya Mungu." Jamani, tumuonee Mungu haya. Mungu hakukaa kwenye kikao chetu. Hakupitisha fulana. Serikali yenyewe kwa miaka mingi ilizuia mabasi ya abiria yasitembee usiku kucha, na ruhusa ya saa 24 imerudi mwaka 2023 tu. Hata sasa basi la masafa marefu linafuatiliwa mwendo wake kwa mitambo, na safari ndefu inatakiwa iwe na madereva wawili. Yaani mfanyabiashara wa viazi wa Makambako amewekewa ulinzi asiuawe na usingizi wa dereva. Mwimbaji aliyemfurahisha mfanyabiashara huyo jana usiku, yeye anarudi kwenye gari la kukodi, dereva mmoja, aliyeshusha spika mchana na kuzipandisha usiku. Huo nao ni mpango wa Mungu?

La nne: "Hatuna hela." Hapa ndipo nacheka kwa uchungu. Mhadhiri akienda semina Dodoma siku mbili analipwa posho ya kujikimu, na ni haki yake. Afisa akilala nje ya kituo chake analipwa. Sisi wenyewe tukienda mafunzo kwa vitendo tunadai hela mpaka tunagoma kula. Lipuli ilipokuwa Ligi Kuu, 2017 mpaka 2020, timu za Dar zilikuja Samora, na hakuna aliyetegemea wachezaji washuke kwenye basi, wacheze dakika 90, wapande wageuze usiku ule ule. Nchi nzima inajua kwamba mtu aliyesafirishwa kikazi lazima alale. Isipokuwa mtu mmoja tu, yule mwenye gitaa.

Na tusijifanye hatuwathamini. Tunawathamini vizuri sana tukitaka. Barabara hii hii ya kwetu imepeleka wasanii wawili bungeni: Sugu wa Mbeya Mjini, 2010 mpaka 2020, na Profesa Jay wa Mikumi, 2015 mpaka 2020. Tunaweza kumpa msanii jimbo zima, lakini chumba cha elfu 20 chenye shuka na ndoo ya maji ya moto tunaona ni anasa!

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tunampa jembe siku ya kwanza, mchana na usiku, halafu tunamuonyesha barabara kabla jogoo hajawika. Bibi yangu kule kijijini Kilolo mgeni akifika jioni, hata kama hamjui jina, swali la kwanza ni kama amekula na la pili ni mkeka utatandikwa wapi. Hana digrii bibi yangu. Sisi tunaosomea digrii tulimwambia mgeni kwamba mkataba hauna malazi.

Sasa kuna jambo jingine ambalo hatulisemi. Kwa nini shoo iliyotangazwa saa mbili ianze saa nne na nusu? Ukiuliza utaambiwa watu wanachelewa. Watu wanachelewa kwa sababu wanajua itachelewa. Kwenye kumbi nyingi mpango ni kwamba kiingilio cha mlangoni ni cha bendi au promota, vinywaji ni vya mwenye ukumbi. Kila nusu saa mnayosubiri ni kreti nyingine zinazofunguliwa. Kwa hiyo mwenye baa hana haraka, na sisi kwa baridi hii tunaona raha kujipasha moto. Anayelipia zile saa mbili na nusu ni dereva aliyekaa kwenye usukani huku akipigana na kope zake. Sisi tukitoka pale tunatembea dakika kumi mpaka hosteli. Yeye ana Kitonga mbele yake.

Haya, nimelalamika vya kutosha. Mtaniuliza nataka nini. Nataka mambo matatu, wala siyo makubwa.

Moja. Mstari wa kwanza wa bajeti, kabla ya jukwaa, kabla ya jenereta, uwe malazi ya wasanii NA DEREVA. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi, maana hata bendi zinazolala, dereva mara nyingi huambiwa alinde gari. Mtu mwenye roho zote 14 mikononi ndiye analala amejikunja kwenye kiti. Tuweke mlinzi wa gari, mzee apewe kitanda.

Mbili. Shoo ianze saa moja jioni, iishe saa tano. Iringa hii saa nne usiku baridi imeshafika kwenye mifupa, sijui nani anadanganywa kwamba utamu wa muziki unaanza usiku wa manane.

Tatu. Kwenye mkataba iandikwe kwamba gari haliondoki kabla jua halijatoka. Wakitaka kuondoka saa nane, malipo ya mwisho wanayapata saa kumi na mbili asubuhi, pamoja na chai na chapati. Tuwe wabishi kwa faida yao mara moja tu.

Na kama hela haitoshi, fulana zifutwe. Nina ya mwaka jana, hata sijaivaa tangu siku ile. Ipo kwenye begi, imekunjwa vizuri, haina hata doa.

Kikao cha mwisho cha kupitisha bajeti ni Jumamosi hii. Nimeshamwandikia mwenyekiti kwamba mstari wa malazi usipokuwepo, jina langu litoke kwenye kamati. Ameniambia nisiwe na jazba, kwamba bendi ya safari hii ni vijana, wamezoea. Nimemjibu kwamba yule mzee wa mwaka jana naye alikuwa amezoea, amezoea kuliko wote.

Kabla ya kuandika haya nilimpigia simu yule dada mwimbaji. Nilitaka kuomba radhi, na nilichelewa mwaka mzima kufanya hivyo. Akaniambia mkono umepona ila kukiwa na baridi unauma. Nikamwomba radhi, akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Mwaka huu mmemwita nani?" Nikamtajia. Akasema anawafahamu, wapigaji wazuri sana, mmoja ana mtoto mchanga. Kisha akasema neno moja ambalo ndilo limenifanya niwashe kompyuta usiku huu: "Mdogo wangu, waambie wavae vizuri. Huko kwenu usiku hakuna pa kujibanza."

Yaani kwake Iringa ndiyo hiyo. Siyo Gangilonga, siyo Isimila, siyo Mkwawa na ushujaa wake, siyo ukarimu wa Kihehe tunaojisifia. Ni mji ambao usiku hauna pa kujibanza.

Wadau mnaosoma hapa chuoni, wengi wenu mna kura kupitia viongozi wenu wa madarasa. Waulizeni Jumamosi, kabla ya kuulizia nani anakuja kupiga, waulizeni atalala wapi. Na ninyi mlioko vyuo vingine, Mbeya, Morogoro, Dodoma, popote, fungueni bajeti zenu muangalie huo mstari kama upo. Mkiuona haupo na mtu akawatania kwamba msanii halali, msicheke. Mimi nilicheka mara mbili.

Naomba kutoa hoja. Matokeo ya Jumamosi nitayaleta hapa hapa, panapo majaliwa.